Viatu Visivyo na Msumari

Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Gundi. Jina lilitokana na vidole vyake. Kutwa nzima vilikuwa na utando wa gundi ya viatu, ule wa rangi ya asali, na alipozungumza na mtu alikuwa akiubandua kwa kucha taratibu, kama anayemenya kiazi cha moto. Mama yangu, ambaye ni wifi yake na hakuwahi kumwachia neno lipite bure, alimwambia siku moja, "Wifi, ukija kula kwangu, hiyo gundi ibaki kazini." Shangazi akanawa mara ya pili, akakaa, akasema, "Wenzangu watoto wao wamekua wamewahama. Wangu mimi haniachi hata mezani. Wivu tu huo."

Ufundi aliutoa kwa babu. Babu alikuwa fundi viatu, na alitaka kumrithisha mwanawe wa kiume, yaani baba yangu. Lakini baba alipofikia umri wa kushika nyundo aligundua kwamba anapenda kuvaa viatu kuliko kuvishona. Akaajiriwa posta, akawa mpeleka barua, akautembea mji huu kwa miguu yake miaka ishirini na sita. Shangazi hakuna aliyemwita kufundishwa. Alikaa tu pembeni ya baba yake tangu ana miaka saba, akichezea vipande vya ngozi, mpaka babu alipoanza kusumbuliwa na macho na wateja wakakuta ni binti anayeshika sindano. Wengine waligeuka wakaenda zao. Mmoja alimwambia kabisa kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mwanamke fundi viatu.

"Sasa umeona," shangazi akamwambia. "Lete hicho kiatu."

Alifanyia kazi chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili, kati ya kinyozi na duka la kutoa nakala. Dari lilikuwa ni ngazi zenyewe, zinashuka mshazari, hivyo mteja mrefu ilimbidi ainame ndipo aingie. Shangazi alisema hiyo ndiyo sababu wateja wake wote wana adabu. Humo ndani kulikuwa na kiti kimoja, meza iliyochanwachanwa na kisu, mkebe wa misumari, na mguu wa chuma, ule ambao fundi huuvalisha kiatu ili akigonge. Watu walipopanda ngazi juu yake alijua ni nani na soli yake imelika upande gani. Alikuwa akiwapigia kelele kutoka chini: "Wewe wa ghorofa ya pili, kisigino cha kushoto hicho, utakuja kuanguka." Nao walishuka na kiatu mkononi.

Nimesema baba alikuwa mpeleka barua. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea biashara, alikuwa ameshastaafu, ana kisukari, na ana ubishi. Aliacha kutia sukari kwenye chai, akaihamishia kwenye uji. Miguu yake ilikuwa imeingia ganzi zamani, hakumwambia mtu. Kwa imani yake, mwanamume haumwi. Huchoka tu.

Siku moja alimpelekea dada yake kiatu cha kulia, kisigino kimelegea. Shangazi akakivalisha mguu wa chuma, akapigilia misumari mitano, akapapasa ndani kwa kidole kama anavyofanya siku zote, akamrudishia. Msumari mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake, mrefu kwa unene wa kucha labda. Kidole hakikuuona. Baba alipokuwa akitembea, soli ikazidi kukandamizwa na ule msumari ukazidi kupanda, ukamwingia kisiginoni. Alitembea nao siku nne. Alikwenda kuwatembelea wenzake wa posta, akarudi. Alikwenda sokoni, akarudi. Hakusikia kitu. Mama ndiye aliyeona soksi imegandana na mguu haivuliki.

Kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani. Wiki tatu walihangaika nacho hospitalini, na mwisho wakamkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilikuwepo siku hiyo ya kukatwa, muuguzi alipotuonyesha kile kilichotolewa mguuni, kwenye kibakuli cha bati. Mama alikitazama tu. Shangazi alikiinua kwa vidole viwili, akakigeuza, akakirudisha. Kila fundi anajua misumari yake. Alitoka, akateremka, akaenda akafunga mlango wake wa chini ya ngazi, na ukabaki umefungwa siku kumi na moja. Watu wakawa wanapanda na kushuka, hakuna anayewapigia kelele.

Siku ya kumi na mbili baba akanituma. "Nenda kwa shangazi yako. Mwambie namtaka. Nimechoka kuletewa machungwa na watu wenye nyuso za msiba."

Nilimkuta kwake amekaa kitandani na kanga yake kifuani, vidole visafi kabisa. Vidole vile ndivyo vilivyonitia uchungu. Alinifuata bila kuuliza. Kufika wodini akasimama miguuni pa kitanda, penye ule upande uliokuwa bapa chini ya shuka.

"Kaka," akasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimekuona tangu mlangoni."

"Ule msumari nasema. Ulikuwa wangu."

Baba alinyoosha shuka kwa kiganja, akainyoosha tena pale pale. "Msumari ulikuwa wako," akasema. "Ganzi ilikuwa yangu, na niliificha. Ningekuwa na akili ya kuku ningesema. Tugawane."

Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika uso kwa heshima. Baba akamwacha alie. Kisha akamgusa bega. "Lakini nina shida ya kifundi. Nina mguu mmoja na viatu jozi sita. Unanishauri nini?"

Hapo akacheka katikati ya kilio, jambo ambalo huwatia watu kwikwi, na kwikwi ikamshika mpaka tulipoondoka.

Kazi aliirudia, lakini mkebe wa misumari aliupeleka kwa seremala wa mtaa wa pili akamwachia wote. Akaanza kuviunga visigino kwa gundi na uzi peke yake. Kazi ikawa ya polepole, baadhi ya wateja wakahama. Na kila Alhamisi, siku ya kliniki ya kisukari, alifunga mlango akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya chumba cha vidonda. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatazama miguu.

Muuguzi wa chumba kile, Sista tulimwita, alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alimvumilia Alhamisi mbili. Ya tatu akamuuliza, "Mama, wewe umemleta nani?"

"Sijamleta mtu. Mimi ni fundi viatu. Ndiye niliyemtia kaka yangu msumari."

Sista akamwangalia, akamvuta ndani. Akamwonyesha anavyopima ganzi: kijiuzi chembamba cha nailoni kwenye kishikio, mgonjwa amefumba macho, naye anakibonyeza kwenye unyayo, hapa na pale. "Umesikia?" Mgonjwa husema ndiyo. "Na hapa?" Kimya. Mgonjwa anasubiri aguswe, kumbe ameshaguswa mara tatu.

"Mimi nawafunga vidonda vizuri," Sista akasema. "Halafu wanavaa kiatu kile kile kilichowaumiza, wanarudi nyumbani. Ni kama kupiga deki huku bomba linavuja."

Maneno hayo shangazi alikuja nayo nyumbani akayarudia mezani. Mwezi ule ule akaanza kutafuta kiatu cha mtu asiyesikia. Kiwe kipana mbele, vidole visibanane. Kiwe na soli ngumu chini, mwiba usipite, na kitu laini juu yake, laini kama shavu. Kisiwe na msumari wala fundo la uzi ndani. Na kipatikane kwa vitu ambavyo havina mwenyewe, kwa sababu wale aliowaona kwenye benchi wengi wao hawakuwa watu wa kununua ngozi.

Nyuma ya gereji ya barabara kuu kulikuwa na mtaro uliojaa matairi mabovu. Mvua ikinyesha yalishika maji, mbu wakazaliana, na kiangazi vijana wa gereji waliyachoma, moshi mweusi ukaingia hadi kwenye kabati za nguo za watu. Shangazi aliwaomba. Wakampa huku wakicheka, wakambebea hadi mlangoni. Ile laini ya juu aliipata kwenye kiwanda cha kandambili: wakishakata kandambili kwenye shuka la raba, mabaki hutupwa, nayo yana matundu matundu kama mkate.

Kiatu cha kwanza alimshonea baba. Kimoja, cha kushoto. Kabla hajampa aliingiza mkono ndani akapapasa, si kwa kidole sasa, kwa kiganja chote na kwa ndani ya kifundo cha mkono ambako ngozi ni nyepesi. Akasikia kitu kimemkwaruza. Alikichana kiatu chote. Tairi lilikuwa na nyuzi za chuma ndani yake, na moja ilikuwa imeshaanza kuchungulia. Alikaa muda mrefu na kile kipande mapajani. Tangu siku ile sehemu ya tairi inayogusa barabara hakuitumia tena. Alikata ubavu wake tu, ambako chuma hakipo, na kila kipande alikikunja na kukinusanusa kama mtu anayenunua samaki.

Baba alipovaa cha pili akatembea na magongo yake kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi. "Kizuri," akasema. "Nalipa nusu bei."

"Nusu ya nini? Sikukutajia bei."

"Ndiyo nalipa nusu yake."

Isionekane kwamba mambo yalinyooka. Mteja wa kwanza kutoka kliniki alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mrefu aliyenyooka kama rula, anayesahihisha watu hata wakiwa wanasalimia. Shangazi alimshonea jozi nzuri, lakini mkanda wa juu ulikuwa wa mpira wa ndani ya tairi, na mpira ukipata joto hujikaza. Wiki mbili baadaye Sista aliteremka mwenyewe hadi chini ya ngazi, akiwa na kimoja cha viatu vile kwenye mfuko wa plastiki. Hakukaa. "Umemchubua," akasema. "Nimekiwahi kidonda. Ningechelewa siku tatu ungerudi pale pale pa kaka yako."

Mlango ukafungwa tena. Safari hii ni mwalimu mwenyewe aliyekuja kuugonga, na bandeji mguuni. Nilikuwa ndani namshawishi shangazi anywe chai.

"Umefunga kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Nimekuumiza, mama."

"Umekosa swali moja, unataka kuacha shule?" Akainama akaingia, akakalia kiti pekee kilichokuwepo, akavua kiatu cha mguu mzima. "Huu mkanda ni mbaya. Hii soli ni nzuri. Hapa kwenye vidole umenipa nafasi ambayo sijaipata tangu niolewe. Andika hayo kabla hujayasahau."

Mkanda ukabadilishwa, ukawa wa kitambaa kinene wenye ule mshiko unaonasa na kuachia kwa kelele, ambao hata mtu mwenye vidole vizito anaweza kuulegeza mwenyewe. Na mwalimu akabaki. Alikuja kesho yake kuona kama mkanda umebadilishwa kweli, akaja keshokutwa, na mwisho akawa na meza yake. Ndiye aliyekuwa anavaa kila kiatu kipya siku nzima kabla hakijatoka, na anaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Niliwahi kulichungulia. Ukurasa mmoja ulisema: "Kisigino, afadhali. Rangi, aibu."

Biashara ya kiatu kimoja ilianza kwa sababu ya baba, lakini haikuishia kwake. Watu wa mguu mmoja wako wengi kuliko unavyodhani. Wananunua jozi dukani na kimoja kinabaki uvunguni, kipya milele. Habari zikaenea kwamba kuna mama anauza kimoja. Ikaja siku akaja mchomeleaji wa vyuma, mtu mnene, mchangamfu, aliyepoteza mguu wa kushoto kazini. Shangazi akampima wa kulia, akaenda kwenye daftari, akarudi na uso wa ajabu. Urefu ule ule, upana ule ule wa mguu wa baba yangu.

Basi baba na mchomeleaji wakawa pacha wa kiatu. Jozi moja, watu wawili. Shangazi akasema ni rahisi zaidi kushona jozi iliyolingana kuliko vimoja vimoja, na kwamba hakuna kipande kinachopotea. Tatizo likawa rangi. Baba ni mtu wa posta, alitaka cheusi. Mchomeleaji alitaka kahawia, tena kahawia ya kung'aa. Walikutana kulimaliza jambo hilo, wakakaa saa nne nzima, wakaagana bila kulimaliza, na wakapanga kukutana tena. Mama akasema tangu aolewe naye hajawahi kuona baba akibembelezwa hivyo. Mwaka wa kwanza walivaa nyeusi, wa pili kahawia. Na huyo mchomeleaji, alipoona shangazi anavyokata ubavu wa tairi kwa kisu na jasho linavyomtoka, alikwenda akamtengenezea kikatio cha chuma chenye mkono mrefu, ukiushusha mara moja kipande kinatoka kama keki. Hakutaka malipo. Alisema ni mahari ya pacha wake.

Watu wa gereji nao wakaona matairi yao yana kazi. Wakaanza kuyahesabu. Shangazi aliniambia, "Takataka ikipata mchumba, inapanda cheo." Alikwenda akakubaliana nao awatie soli buti zao za kazi, nao wampe mabavu ya matairi. Mtaro ukabaki mtupu. Mvua iliyofuata nilipita pale nikaona maji yanapita.

Wakati huo mimi nimemaliza chuo, nina cheti, na nina maneno mengi. Nilimwambia shangazi kwamba anachofanya kina jina, na kwamba watu wanatoka mbali kutafuta biashara kama hiyo ya kuiwezesha. Nikamwandikia mpango wa kurasa kumi na nne. Aliusoma wote, kwa miwani, akanirudishia. "Mguu haumo humu," akasema. Nilidhani ni mzaha wa kifundi.

Mimi ndiye niliyemleta bwana wa kampuni. Kampuni kubwa, ilitaka kugawa viatu kwa wagonjwa na kuvitia alama yake. Alikuja amevaa suti, akaingia kwa kuinama, akavisifu viatu kwa dhati, nadhani. Alitaka jozi elfu mbili kwa miezi mitatu, saizi tatu: ndogo, ya kati, kubwa.

"Na kupima?" shangazi akauliza.

"Hakutakuwa na haja. Saizi tatu zitawatosha wengi."

"Wengi wapi?"

Yule bwana akatabasamu. "Mama, elfu mbili ni watu wengi."

"Ndiyo maana nauliza. Niletee hata karatasi zenye michoro ya miguu yao. Nitashona usiku na mchana."

Hakuweza. Akaaga kwa upole, akaondoka. Nami nikaona miezi yangu ya kuhangaika ikiinama na kutoka naye mlangoni. Nikamwambia shangazi maneno ambayo hayamfai mtu kumwambia shangazi yake. Nilimwambia anaogopa kukua, na kwamba anajiadhibu kwa msumari mmoja huku watu elfu mbili wanakaa pekupeku. Mwalimu aliweka kalamu chini. Mchomeleaji, aliyekuwa anatia mafuta kikatio chake, akakumbuka ana shughuli. Shangazi akabandua gundi kidole cha kwanza, akahamia cha pili.

"Huenda ni kweli," akasema. "Lakini sitashona."

Sikukanyaga pale mwezi mzima. Nikipita barabarani navuka upande wa pili. Sitasema kwamba yeye alikuwa na haki yote. Kazi zilipungua, na wanawake wawili aliokuwa ameshawaajiri kukata soli walikuwa wanashinda nusu siku. Baba hakunigombeza. Aliniambia tu siku moja, akiwa anafunga mkanda wa kiatu chake, "Alhamisi dada hana wa kumbebea karatasi. Mimi mikono yangu imeshikwa na magongo."

Nikaenda kwa sababu ya baba. Shangazi hakusema "umerudi" wala "nilikwambia". Alinipa penseli. "Kaa chini. Wao wakae juu."

Nilikaa sakafuni mwa chumba cha vidonda, na watu wakawa wanaweka miguu kwenye karatasi mbele yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne na sijawahi kushika mguu wa mtu. Wa kwanza ulikuwa na vidole vitatu. Wa pili ulikuwa umevimba upande mmoja kama una ngumi ndani. Akaja bibi mmoja mdogo, mkimya, miguu yake ikapishana urefu kwa vidole viwili. Nikauliza saizi anayovaa. Akasema huvaa ya huu mkubwa, na huu mdogo huujazia magazeti. Nikazungusha penseli. Nilipopita kwenye upinde wa unyayo nikamwomba radhi kwa kumtekenya. "Endelea tu mwanangu," akasema. "Huo hausikii."

Nilichora miguu thelathini na moja siku ile, na hakuna iliyofanana. Tulipotoka nikamwambia shangazi, "Ule mpango nitauandika upya."

"Andika mfupi. Macho yangu."

Niliandika ukurasa mmoja. Viatu haviwezi kwenda kwa saizi, basi vipimo viende kwa watu. Tukatengeneza masanduku: karatasi, penseli, uzi wa kuzungusha kwenye kifundo, na mchoro wa jinsi ya kupima. Sista akawafundisha wauguzi wenzake wa kliniki nne nyingine, na kila wiki michoro ikawa inaletwa kwa bahasha, jambo lililomfurahisha baba kupita kiasi, maana ndiye aliyejipa kazi ya kuzipanga. Halafu tukagundua kitu ambacho sikukisoma chuoni. Walinzi, wahudumu wa hoteli, wanaouza siku nzima wamesimama, wote hao miguu yao haina ganzi lakini inachoka, na walianza kukitaka kiatu cha Mama Gundi. Kwao tuliweka bei kamili. Ziada yao ndiyo ikawa inawavisha wale wa benchi wasioweza. Shangazi alipenda kumwambia mlinzi anayelipa, "Leo umemvalisha mtu usiyemjua. Tembea polepole, una wageni."

Tulihama chini ya ngazi mwaka wa nne, tukapata ukumbi uliokuwa wa mashine ya kusaga, una dari la juu na unga kwenye nyufa. Tuko kumi na mmoja sasa. Saba kati yetu waliingia kama wagonjwa. Shangazi siku za kwanza hakuupenda. Alisema dari likiwa juu hivyo wateja watapoteza adabu.

Mwaka jana wakaja wanawake watatu kutoka mji wa mbali, mafundi viatu wote, wametumwa na kliniki yao. Waliomba kujifunza kwa wiki mbili. Mimi nikamvuta shangazi pembeni. Nilikuwa nimejifunza mengi lakini si yote. Nikamwambia tuwafundishe kushona, ila namna ya kuchagua ubavu wa tairi na ile mishono ya ndani isiyo na fundo tuibakize kwetu. Ndiyo mali yetu.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazama soli iliyolika upande. "Mwanangu, mimi nina miaka sitini na tisa. Miguu iko mingi kuliko mimi."

Akawafundisha kila kitu. Aliwakalisha mbele ya meza, akawashika viganja, akawaingiza mikono ndani ya viatu mmoja mmoja. "Si hivyo. Papasa kwa hapa, kwenye kifundo. Kidole kimeshazoea kazi, kinakudanganya." Mwalimu akawapa daftari na kuwaonya kuhusu mwandiko. Mchomeleaji akawatengenezea kikatio chao, wakakipakia kwenye gari kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Siku ya kuondoka yule mdogo kati yao alitaka kupiga magoti kumshukuru shangazi, naye akamwinua kwa kiwiko. "Utachafua nguo. Gundi haitoki hiyo."

Miezi miwili haikupita, simu yangu ikapokea picha kutoka kwa yule mdogo wao. Kiatu kimoja cha kulia, kimewekwa juu ya ukuta mfupi, kwenye jua. Nyuma yake unaonekana mguu wa mwenyewe na ncha ya gongo. Nilimpelekea shangazi. Akavaa miwani, akaishika simu mbali, akaileta karibu, akaikuza kwa vidole vyake mpaka kioo kikanata. Mafundi wote wakaacha kazi wakimsubiri.

"Kisigino kiko juu kidogo," akasema mwishoni. "Mwambie apunguze, unene wa karatasi tatu." Akanirudishia simu, akachukua sindano yake, akatunga uzi. Kisha akainua tena kichwa. "Halafu mwambie ni kizuri. Anza na hilo, la kisigino liwe la pili."

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema.